Gari la Twahir na Thumuni ya Mamake

Nilistaafu mwezi uliopita, na tangu siku hiyo sijui niiweke wapi mikono yangu. Naamka alfajiri nikiwa na wasiwasi wa kuchelewa, kisha nakumbuka hakuna anayeningoja. Nyinyi vijana wa gereji mliniambia niandike, hasa wewe uliyekata springi za gari lako juzi, ukaja kuniuliza mbona linagonga chini. Basi nitaandika. Vyeo sitavitaja, maana kila nilipopandishwa niliongezewa kukaa mezani, na mezani sikujifunza kitu. Nitawaeleza miaka ile ya kabla ya uhuru, na gari moja lililonifunza zaidi ya mengine yote.

Nilizaliwa Mtongwe, upande wa Likoni. Baba alikuwa na shamba la minazi na mihogo, na alitumai nitalishika. Lakini mimi sikuwa mtu wa kungoja mhogo ukomae. Nilikuwa nikipanda mti asubuhi, jioni naenda kuutazama kama umekua. Baba aliona hilo, akaniambia, "Rashidi, wewe tafuta kazi ya kitu kinachokwenda." Ndipo nikaenda Changamwe, kwenye gereji moja ya mabati kando ya barabara ya Nairobi, nikapokewa na Fundi Nassor.

Fundi Nassor alikuwa mtu wa Kisauni, mwembamba, mwenye masikio makubwa na subira ndogo. Wakati wa vita alitengeneza malori ya jeshi huko Uhabeshi, na alirudi na tabia ya kula amesimama. Siku yangu ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, fundi." Akaitika, "Marahaba," akanipa ndoo ya mafuta ya taa na lundo la nati chafu, akasema nizioshe. Nikaziosha. Nilipomaliza akazimwaga zote chini, akanitaka nizipange kwa ukubwa bila kutumia spana, kwa vidole tu.

"Macho yatakuongopea," alisema. "Kidole hakina sababu ya kuongopa."

Nilifanya kazi hiyo muda mrefu hata nikaanza kuota nati. Nilitaka kufungua injini. Nilitaka kuendesha. Kila lori lililopita likielekea bara lilinivuta shati. Fundi Nassor alikuwa akiniona ninavyotazama barabara, na kila nilipotazama aliniongezea nati.

Nilikuwa nimeshaanza kukabidhiwa kabureta siku Twahir alipoingia na gari la babake. Twahir alikuwa kijana wa rika langu, mtoto wa nyumba kongwe ya wafanyabiashara, wakikaa Mkomani. Marehemu babake aliuza vitambaa mjini. Gari lilikuwa la Kiingereza, la milango minne, rangi ya maziwa, na tangu mzee afe lilikuwa limefunikwa turubai bandani. Twahir alifanya kazi ya ukarani bandarini, lakini roho yake haikuwa kwenye karatasi. Mwaka ule yalikuwa yamepita magari ya mashindano kwenye barabara yetu, yamejaa matope mpaka vioo, na yeye alikuwa ameyangoja kando ya njia tangu asubuhi. Hakupona tena.

"Shidi," aliniambia, akiwa amelikalia bawa la gari, pale juu ya gurudumu la mbele, "nataka hili lisikike kabla halijaonekana."

Tukawa marafiki siku hiyohiyo. Watu wawili wasioweza kutulia hawahitaji kujuana sana.

Tulianza na sailensa. Tukaitoa, tukaweka bomba tupu, na kweli gari likasikika. Jirani mmoja wa kule Mkomani alikuja kuuliza kama nyumba ya kina Twahir imeletewa mashine ya kusaga. Baada ya hapo tukazikata springi ili gari lilale chini kama yale aliyoyaona kwenye picha. Kazi hiyo tuliifanya wenyewe siku ambayo fundi alikuwa amekwenda maziko. Msumeno wa chuma, jasho, na furaha. Gari liliposhuka kwenye jeki likaketi kama paka anayenyemelea. Lilipendeza, wallahi. Sitasema uongo kwa sababu tu nimezeeka.

Ijumaa iliyofuata Twahir akanipeleka nyumbani Likoni ili watu walione. Tulipanda feri vizuri. Lakini siku zile zilikuwa za bamvua, maji yamekupwa sana, na tulipofika ng'ambo feri ilikuwa chini na gati liko juu. Ule ubao wa chuma unaoshushwa ili magari yatoke ulikuwa umesimama kama ngazi. Magari mawili ya mbele yetu yalipanda. Letu likaingiza magurudumu ya mbele, likakita tumbo kwenye ukingo, likabaki hapo likibembea. Mbele halikwenda, nyuma halikurudi. Twahir alikanyaga mafuta, na bomba letu tupu likatangaza habari hiyo mpaka sokoni.

Nyuma yetu palikuwa na lori lililobeba maiti. Watu wa Likoni walikuwa wakimrudisha mzee wao kutoka hospitali ya kisiwani, na kaburi lilikuwa tayari, na jua lilikuwa likishuka. Feri za siku hizo zilikuwa nyembamba. Kushoto kwetu palikuwa na mkokoteni wa magunia, kulia watu na baiskeli. Nafasi ya kupita jeneza haikuwako.

Hakuna aliyetutukana, na hilo ndilo lililotuchoma. Wazee walishuka kwenye lori, wakatazama, wakasemezana kidogo. Kisha wakalishusha jeneza, wakagawanyika, wengine wakatangulia mbele ya gari, na wakalipitisha jeneza juu ya paa letu, mikono kwa mikono, wakimtaja Mungu kwa sauti ya chini. Ufupi wa gari, uliotukwamisha, ndio uliowarahisishia. Twahir alikuwa amesimama kando, kofia mkononi, uso umemwiva. Alipopitiwa na ubavu wa jeneza alitia bega lake, na hapana aliyemzuia.

Mzee mmoja alibaki nyuma. Akatuangalia, akaliangalia gari, akasema, "Wanangu, maiti amewapita." Halafu akaita vijana sita, wakaliinua gari letu kwa mikono, wakalitua kwenye gati kama kitanda, wakakimbia kuliwahi jeneza. Na sisi tukaliacha gari hapohapo, tukalifuata jeneza mpaka kaburini.

Jumatatu Fundi Nassor alikuwa ameshapata habari. Habari za feri hupanda basi la kwanza. Aliinama, akatazama chini ya gari, akashika ncha ya springi iliyokatwa.

"Nani aliyekata?"

"Sisi," nikasema.

"Chuma si ukucha, hakioti tena. Kitu unachoweza kukifungua, fungua utakavyo, utakirudisha. Lakini ukitaka kukata, kwanza lala, uamke, ule, kisha uulize mtu." Akaondoka akitafuna mkate wake. Tulihangaika muda mrefu kupata springi nyingine kwenye magari yaliyoanguka, na tulizozipata hazikulingana. Tangu hapo lile gari liliinama kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Habari zilifika Mkomani pia. Mamake Twahir, Bi Maryam, alituma niitwe. Nilikwenda nimevaa kanzu safi, nikakaribishwa ukumbini, nikaletewa kahawa na halua. Aliketi amejifunika leso, sauti yake ya upole, na macho hayakuniacha.

"Mwanangu, wewe ndiwe fundi?"

"Naam, mama. Najifunza."

"Basi nataka thumuni yangu."

Mkono wangu ulikwenda mfukoni wenyewe, nikidhani ataka sarafu ya nusu shilingi. Aliona, akatabasamu kidogo.

"Si hiyo. Mume wangu amekufa, ameacha mtoto wa kiume, ameacha wa kike, ameniacha mimi. Katika kila alichokiacha mimi nina thumuni, sehemu moja katika nane. Sheria ya Mungu hiyo, si yangu. Gari nalo limo. Twahir anachezea fungu lake, sawa, ni kijana. Lakini anachezea na langu. Sasa nieleze, thumuni yangu katika gari lile ni ipi?"

Nilitazama kahawa.

"Basi nitaichagua mwenyewe," akasema. "Mimi nachukua breki. Mengine fanyeni mnavyotaka, litieni pembe mkipenda. Lakini breki ni mali ya mama wa watu, na nazitaka ziwe nzuri kuliko alivyoziacha marehemu. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Nilimweleza Fundi Nassor maneno hayo nikitarajia atacheka. Hakucheka. Akasema, "Huyo angekuwa mwanamume ningemwajiri." Na kuanzia siku hiyo akakubali kutusaidia, kwa sharti kuwa breki zitangulie injini. Kwa kuwa Twahir alikuwa ameshapata kabureta ya pili kwenye gari bovu, na alitaka tuuchonge uso wa kichwa cha silinda ili injini ipate nguvu zaidi, sharti hilo alilikubali shingo upande.

Breki za magari ya siku hizo zilikuwa za ngoma. Ukikanyaga, mafuta husukumwa kwenye vibomba, na vile vipande tunavyoviita viatu hutanuka ndani ya gurudumu na kulibana. Tulipata ngoma kubwa zaidi za gari la mizigo la kampuni ileile, tukazifunga mbele. Zilikaa vizuri. Nyuma, tulipofungua, tulikuta silinda ndogo zinazovisukuma viatu zinavuja, raba zake zimekwisha. Raba hizo hazikuwako mjini. Ziliagizwa Ulaya, zije kwa meli.

Wakati huohuo wafanyakazi wa bandari wakagoma. Meli zikajipanga nje zikingoja. Kila asubuhi nikitoka Mtongwe nilizitazama, nikijiuliza raba zetu zimo katika ipi. Ilikuwa miaka ya watu kutotulia. Makuli wanataka haki yao, bara wanaimba uhuru, na kwetu pwani kila baraza lilibishana mwambao utakuwa wa nani. Babake Twahir angalikuwa hai angalikuwa na la kusema. Twahir mwenyewe alikuwa na neno moja tu: "Lini?"

Kwa muda tuliziba kibomba cha nyuma, ili mafuta yasivuje, gari liweze kusogezwa uani. Kwa hiyo lilikuwa na breki za mbele tu, tena kubwa kuliko desturi. Injini, ambayo fundi alikuwa ameturuhusu kuimaliza wakati tunangoja, ilikuwa tayari. Ilinguruma kwa namna ambayo mpaka Fundi Nassor aliacha kutafuna ili asikilize.

Siku moja baada ya adhuhuri fundi alikuwa mjini. Twahir alikuja na ufunguo mkononi.

"Mpaka Mazeras na kurudi," alisema. "Basi."

"Nyuma hamna breki, Twahir."

"Mbele ziko mbili zenye nguvu ya nne. Wewe mwenyewe umezifunga."

"Ukizikanyaga kwa nguvu, mbele itasimama na nyuma itataka kupita. Fundi amekwambia."

"Fundi amekwambia, mama amekwambia, meli imekwambia." Alikuwa ameshaketi. "Shidi, mimi kila siku naandika vitu vya watu vinakokwenda. Leo nataka kwenda mwenyewe. Ingia au baki."

Niliingia. Breki ya mkono ilikuwa inavuta magurudumu ya nyuma kwa waya, na nilitaka mkono wangu uwe karibu nayo.

Kwenda kulikuwa kuzuri kupita kiasi. Gari lilipanda mlima wa Mazeras kama limeitwa. Upepo uliingia, minazi ikarudi nyuma, na Twahir alikuwa akicheka bila sauti. Tulipogeuza na kuanza kuteremka nilimwambia apunguze. Akapunguza kidogo, kisha akasahau.

Karibu na Miritini, kwenye kona, palikuwa na mtu kwenye baiskeli. Alikuwa amepakia madafu pande zote mbili, mengi hata baiskeli haionekani, na yuko katikati ya njia akikwepa shimo. Twahir akakanyaga breki.

Zile ngoma za mbele zilishika. Zilishika kama zilivyofundishwa. Na mkia wa gari ukaondoka. Nilivuta breki ya mkono polepole, nikaiachia, nikavuta tena. Niliona minazi, halafu barabara tulikotoka, halafu uso wa yule mtu kwenye dirisha langu, karibu hata ningeweza kumwamkia. Kisha tukaingia mtaroni kwa ubavu, na madafu yakaanza kutupita yakibingirika kwenda Changamwe.

Mimi nilikuwa mzima. Twahir alikuwa ameshika bega. Mtulinga wake ulikuwa umevunjika na mfupa ukionekana umeinuka chini ya ngozi. Hakulia. Alikuwa akiuliza jambo moja tu, "Yule mtu yuko wapi? Shidi, yule mtu?"

Yule mtu alikuwa ameketi kando ya njia, amechubuka viwiko. Baiskeli yake, iliyopigwa na mkia wa gari, ilikuwa imepinda kama tarakimu nane. Jina lake Karisa, mkulima wa huko Mazeras, mwenye watoto ambao chakula chao kilipita juu ya baiskeli ile kila wiki kwenda sokoni. Aliinuka, akaja mpaka dirishani, akatutazama mmoja mmoja.

"Mwaenda wapi?" akauliza.

Alitaka kujua kweli.

Bi Maryam alikuja gereji siku ya pili yake, amevaa buibui, na binti yake ubavuni. Fundi Nassor alimletea kiti, akakikataa. Alilizunguka gari lote, lililokuwa limebonyea ubavu mzima. Nilidhani atasema liuzwe, na wala nisingemlaumu. Aliniuliza, "Thumuni yangu imefika wapi?"

"Nusu, mama. Nyuma bado. Raba hazijafika."

"Na nusu hiyo ilifanya nini?"

"Ilisimama, mama. Ile nusu nyingine ndiyo haikusimama."

"Mwanangu yu hai, na mtoto wa watu yu hai," akasema. "Malizeni. Na likishamalizika, Twahir atambebea yule bwana madafu yake kwa gari hili mpaka baiskeli yake itakapokuwa nzima. Mtaitengeneza nyinyi wenyewe, kwa mikono yenu." Halafu akamgeukia fundi. "Nawe, fundi, siku ukiwa hupo, ufunguo ukae kwako."

"Utakaa kwangu, bibi," akajibu Fundi Nassor, na ndiyo mara pekee niliyomwona akipokea amri.

Mgomo ukaisha, raba zikaja. Nilizifunga mimi, fundi akinitazama bila kusema, na nilipomaliza akazikagua kwa kidole. Twahir bega likapona, ingawa halikurudi sawasawa. Kila Ijumaa alfajiri akawa anakwenda Mazeras kupakia madafu. Kiti cha nyuma tulikitoa. Madafu yalilala mpaka kwenye paa, Karisa akaketi mbele, na gari la kabureta mbili likateremka kwa mwendo wa harusi. Twahir alijifunza kulisikia gari lenye mzigo: lini linaomba kupumua, lini breki zinapata moto, kona ipi ina watoto. Hayo hakuwahi kuyaona kwenye picha. Bomba tulilirudishia sailensa, kwa kuwa Karisa alisema linamfanya asisikie mwenyewe anavyofikiri.

Baiskeli ilituchukua muda kuliko injini. Gurudumu la mbele tulilisuka upya, mkono wa usukani tukaunyoosha, na Fundi Nassor akatuamuru tuitie breki mpya zote mbili. Ilipokuwa tayari ilikuwa ni wiki chache kabla ya uhuru. Vibendera vilikuwa vimetungwa kwenye kamba kutoka duka hadi duka pale Changamwe, na watu wamejaa barabarani bila shughuli maalumu, wanatembea tu.

Twahir alimkabidhi Karisa baiskeli mbele ya gereji. Kisha akasema, na niliona alikuwa amelifikiria neno hilo, "Karisa, baiskeli yako hiyo. Lakini kama wataka niendelee kuja Ijumaa, nitakuja. Si mzigo kwangu."

Karisa alikuwa ameshaikalia baiskeli, anaijaribu breki. Alitikisa kichwa taratibu.

"Ahsante, ndugu yangu. Lakini na gari lako mimi nafika sokoni wenzangu wameshauza. Siku hizi waenda polepole mno."

Akapanda barabarani, akaelekea Makupa. Twahir alisimama akimtazama, kisha akaanza kucheka mpaka akalishika bega lake bovu. Fundi Nassor akaingia ndani, akarudi na ufunguo, akamrushia.

Tuliketi ndani ya gari, injini ikiwaka. Kulia ilikuwa njia ya bara, kushoto njia ya mjini. Twahir aliweka mikono kwenye usukani akanitazama.

"Twende wapi?" akauliza.

Tukatazama kulia, tukatazama kushoto, kisha tukaifuata ile baiskeli.